Baba yako atakaa nyuma ya pikipiki

Angèle mwanangu,

Bukari na samaki viko ku meza. Kula yote, hatutarudi mchana. Anua nguo za inje kabla upepo haujazipeleka ziwani.

Najua ulisikia kelele asubui. Baba yako alishika pikipiki na mikono yote: «Priscille, na upepo huu wewe hauendi.» Nikamujibu: «Guy, kuko mama ana uchungu kule kliniki ya Mantapala, na leo muzalishaji ni mimi peke yangu!» Nikatoka na hasira. Pale nyumba zinaishia, upepo ukanisukuma, nikaanguka na pikipiki ndani ya mihogo. ~~Sikuumia.~~ Kiwiko kilichubuka, lakini kidogo tu.

Nilikuwa nalia pale chini, nikasikia mutu anakimbia. Ni baba yako, alikuwa ananifuata tangu nyumbani. Hakunigombeza. Aliinua pikipiki, akasema: «Uko mwepesi sana, upepo utakutupa tena. Nitakaa nyuma yako, tuwe wazito.»

Yeye, mwenye kusema kila siku kama mwanaume habebwi na muke wake! Tumepita hapa nifunge kiwiko tu. Sasa ananingoja ku mulango, kofia ameivaa upande. Atashinda inje ya kliniki mupaka nimalize kazi, halafu atakaa tena nyuma mupaka hapa.

Majirani wakicheka, usiwajibu. Mie mwenyewe nacheka, na machozi hayajakauka.

Mama yako