Rangi ya Kijani Ndani ya Mota

Ndugu wafanyakazi wenzangu, barua hii naibandika ubaoni ili nanyi muisome, ingawa anayeandikiwa hayupo tena kati yenu.

Mpendwa Dada Mwajuma,

Nimechoka. Nimesema katika mikutano ya kiwanda hiki mpaka sauti imekauka. Wewe uko Kimbiji unalima mihogo, na hapa Temeke jina lako bado linatajwa pamoja na neno hujuma.

Unakumbuka mashine yako ya kuvuta kitambaa ilivyochachamaa, mota ikakimbia ovyo na jora zima likachanika? Mimi, mwanafunzi wa uhandisi niliyeletwa kwa mafunzo, nilishika kipimo. Wewe ulishika tochi. Waya zilikuwa nzima, lakini ishara za mwendo zilifika kwenye kabati la umeme linaloiongoza mota zikiwa na mapengo. Ukacheka: "Wee mdogo wangu! Jukwaani unanguruma, mbele ya mota umekuwa bubu?" Nikataka kufungua kifuniko cha nyuma, meneja akafoka: "Hakuna kukwangua rangi mpaka mgeni rasmi apite!" Maana Jumamosi iliyotangulia tulijitolea sote kupaka kiwanda rangi ya kijani, kuta, ngazi, hata mashine, huku tukiimba.

Mgeni akapita, akapiga makofi. Kesho yake ukafukuzwa, eti umeihujumu mashine.

Juzi nimekifungua kile kifuniko. Ndani mna kisahani chenye matundu kinachozunguka pamoja na mota. Mwanga hupenya kila tundu, na jicho la umeme huhesabu mwendo. Matundu mengi yameziba kwa rangi. Mwenzetu mmoja, kwa bidii, alipaka mpaka ndani! Kabati, likipata hesabu pungufu, likadhani mota inazembea, likaizidishia umeme. Nimekisafisha mbele ya wenzako wa zamu, na mashine sasa inakwenda kwa adabu.

Nilidhani ukweli ungetosha. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi kaniambia, "Ndugu, hatumrudishi kazini mtu ambaye hayupo. Aje mwenyewe."

Najua uliapa hutakanyaga tena hapa. Sina hotuba ya kukushawishi, dada, zimeniishia. Nina neno moja tu: ujamaa wa kulinda rangi na kumtupa mpakaji, mimi siutambui, na siwezi kuendelea kuukataa peke yangu.

Njoo, hata kwa hasira.

Mdogo wako wa kazini

Wenzangu, kamati itakaa kulijadili shauri la Dada Mwajuma Jumamosi, saa nne asubuhi, katika bwalo la chakula. Wa zamu zote mnaombwa kufika.