Mguu wa Vunjajungu

Jumanne, 14 Juni 1994

Bado nina hasira, na sasa naionea aibu.

Tangu Jumapili vunjajungu wangu alikuwa hataki nzi. Alining'inia kichwa chini kwenye kitambaa kilichofunika chupa, kimya kama mfu. Nilijua anajiandaa kujivua ngozi, nimeshamwona mara mbili. Ila sikumwambia mtu.

Leo mama mkwe alileta ndizi mimi nikiwa shuleni, akamwona, akamhurumia. Akamtoa, akamlaza juu ya jani la mgomba, miguu chini. Kumbe ngozi ilishaanza kupasuka, na asiponing'inia hawezi kuivua vizuri. Niliporudi, mguu mmoja wa kukamatia ulikuwa umejikunja kama njiti ya kiberiti iliyoungua.

"Nilidhani amezimia, mwanangu," akasema.

Nikamfokea. Mwalimu mzima, namfokea mama wa watu, majirani wanasikia, kwa sababu ya mdudu! Alichukua kikapu chake akateremka bila kuaga.

Mume wangu alikwenda mpakani mwa shamba, akakata jani la isale, lile la kuombea msamaha, akaliweka mezani karibu na chupa. Nilipeleke kesho asubuhi.

Mama hatalikataa. Hakuna Mchagga anayekataa isale. Atanisamehe hata nikiomba vibaya, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Vunjajungu anajaribu kujisafisha uso kwa ule mguu. Haufiki. Anarudia.

Nami nimejaribu maneno ya kesho mara tano. Kila mara namalizia na "lakini".