Rosina Wawili, Mbegu ya Mmoja

"Kompyuta haina upendeleo, bibi. Kama eka zako hazimo, hukujiandikisha." Hivyo ndivyo mume wangu alivyomwambia bibi Rosina mbele ya kikundi chetu cha wakulima hapa Ilemba, na mimi, mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu ninajua si kweli. Adriano mume wangu ndiye katibu, ndiye aliyeandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ndani yake kuna kamusi, yaani kila jina la mwanachama limeshikana na eka zake, programu inazidisha eka kwa kilo kumi za mbegu ya mahindi, halafu inajumlisha za watu wote ili tujue mzigo wa kuagiza mjini Sumbawanga. Sasa sisi tunaandikishana kwa jina la ubatizo tu, maana kila mtu anamjua mwenzake, na tunao akina Rosina wawili, bibi Rosina mjane mwenye eka tatu, na Rosina wa kisimani mwenye eka moja, ambaye aliandikwa baadaye. Siku ya kugawa jina la Rosina likaitwa mara moja tu, zikatoka kilo kumi, akachukua huyu wa kisimani. Bibi akasema, "Adriano mwanangu, si uliniamkia shikamoo, ukaniandika eka tatu?" Mmoja akadakia, "Bibi, hata mashine imeona umezeeka!" Watu wakacheka, naye akaondoka na mfuko mtupu.

Mimi nilisoma kompyuta kidogo kabla ya kuolewa, kwa hiyo nyumbani nikajaribu, nikaingiza Rosina eka tatu, kisha Rosina eka moja, ile tatu ikafutika, ikabaki moja, na mashine haikulalamika. Nikaita, "Baba Limbu, njoo uone." Akaangalia, akaifunga kompyuta. "Mama Limbu, ukilisema hilo mkutanoni umenivua nguo. Nani ataniamini tena?" Mvua zimeshaanza, shamba la bibi limelimwa na liko tupu, wajukuu zake wanakuja kula kwetu, nashindwa hata kuwatazama. Nimheshimu mume au nimtetee bibi?

Margareth, Ilemba

*

Margareth, nakuonea huruma, lakini swali lako nalikataa. Hakuna heshima unayompa mume kwa kumwachia uongo.

Kompyuta haina upendeleo, anasema. Kweli, na haimjui mjane pia. Kuzidisha kulikuwa sahihi, kujumlisha kulikuwa sahihi, na jumla ilikuwa ya uongo, kwa sababu mtu alishafutwa kabla hesabu haijaanza. Zamani karani akikosea aliulizwa, akajibu. Siku hizi anakugeuzia kioo cha mashine, eti bishana nacho. Nimechoka na watu hawa! Anaogopa kuvuliwa nguo? Aliyevuliwa nguo mbele ya watu ni bibi, na watu wakacheka.

Na wewe usijifiche. Unawapakulia wajukuu ugali ukidhani umelipa. Mwakani watakula nini, na shamba halikupandwa?

Mbegu yenu kama bado iko ndani, ipelekeni kwa bibi leo, mvua haisubiri aibu ya mtu. Isipotosha kilo thelathini, Adriano akaazime kwa wanachama, nyumba kwa nyumba, na kila mlango aeleze kwa nini anaazima. Kisha arekebishe programu. Kamusi ya Python haishiki jina lilelile mara mbili, la pili linafuta la kwanza. Kila mwanachama apewe namba yake, kamusi ishike namba, na kabla ya kuzidisha chochote ahesabu watu waliojiandikisha na waliomo humo. Idadi zikipishana, asiagize. Mpe mpaka mkutano ujao aseme kwa kinywa chake. Asiposema, simama wewe, na asubuhi ya siku hiyo umwambie kwamba utasimama.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Kosa sikulibadilisha.

Nanyi makatibu wa vikundi, kuanzia Ilemba mpaka Matai, ambao mmeanza kugawa mbegu na mbolea kwa programu: someni majina kwa sauti mbele ya wenyewe kabla hamjaagiza, na anayesema hakutajwa, asikilizwe kabla ya mashine. Na wewe ninayekuita Adriano, unajijua. Beba mbegu begani, uende kwa bibi, umwamkie kama ulivyomwamkia siku ile. Halafu umwambie, na wale waliocheka wakiwa wamesimama hapo hapo wanasikia: "Bibi, ulijiandikisha."