Fulana ya Fuvu Kwenye Kamba

Kitengela, Jumamosi

Na bado sitaitoa. Jirani yangu, Mama Naserian, ameona fulana yangu ya bendi ya metal, ule muziki wa magitaa makali, ile ya fuvu, kwenye kamba ya nguo, akaniambia mbele ya wapangaji wa ploti nzima: "Mwalimu, hiyo kelele ni ya watu walioshindwa na shule."

Mimi, niko na digrii mbili za hisabati! Nikaendelea kuanika soksi. Niliogopa maneno yamfikie mwalimu mkuu wangu, nakubali.

Saa kumi Mama Naserian akabisha mlangoni kwangu na daftari la diploma anayosomea. Hesabu za takwimu zimemlemea tena. Nilimpa chai, nikamfundisha, lakini muziki sikuzima. Magitaa yakanguruma, na hesabu zote zikatoka.

Jioni fulana ilikuwa imekauka. Nimeilowesha, nikaianika tena, fuvu likiangalia mlango wake.