Wekundu wa Shaba ya Ndila

Jumanne, 7 Juni 1983

Mzee Nzuki mfua vyuma alikuja shuleni saa ya chai kuniomba ushauri. Mimi, mwalimu wa kemia! Nilijiona mtu. Kanisa letu hapa Tulia limechoka kugonga rimu ya lori, linataka kengele. Akina mama wametoa shaba: bangili, na mikufu ya nyuzi za shaba ambayo mama zao waliivua walipobatizwa wakaificha miaka yote. Lakini haitoshi, na bati safi la kuchanganya nayo hakuna.

Nikamwambia achanganye na alumini, nusu kwa nusu. Metali zote huchangia elektroni, nikasema, kama majirani wanaochota kisima kimoja. Zitapatana tu. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikacheka. Nilimpa sufuria tatu za alumini zilizotoboka za jiko la shule – kimya kimya, maana sikuomba ruhusa.

Ijumaa, 10 Juni

Amemwaga kengele leo. Nilipita nikamkuta ameketi kando ya kalibu ya udongo iliyo moto bado. Hakuzungumza sana. Uchovu, nadhani.

Jumapili, 12 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Kengele ilitundikwa baada ya ibada. Pigo la kwanza – haikulia. Ilipasuka! Vipande vitatu chini. Ndani nyeupe, inang'aa kama kikombe kilichovunjika. Akina mama wakasogea. Ndila, yule mjane aliyetoa mkufu wa mama yake, akaokota kipande, akakigeuza, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wekundu uko wapi?"

Hapo ndipo ikaanza. Mulei, mzee wa kanisa, akasema shaba imeuzwa mjini Sultan Hamud na hii ni sufuria zilizoyeyushwa tu. Nzuki akaniangalia. Mara moja tu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jumatatu, 13 Juni

Nimetoa kitabu cha chuo kutoka sandukuni. Imo! Sura niliyoiruka kabla ya mtihani, kurasa bado zimeshikana. Atomi za metali mbili hazivuti sawa. Shaba inavuta zaidi, basi elektroni za alumini zinaegemea upande wake. Kila atomi inakaa mahali pake, kwa hesabu yake, wala haikubali kuteleza. Si mchanganyiko tena, ni kitu kipya. Kigumu, ndiyo – lakini ukikigonga kinavunjika, na rangi ya shaba inapotea. Alumini kidogo tu ingefaa, sehemu moja kwa kumi. Mimi nilisema nusu! Debe tupu haliachi kuvuma.

Jioni nikatia kipande cha kengele ndani ya asidi ya nitriki ya maabara. Maji yakawa bluu, bluu kabisa. Shaba ya akina mama imo humo. Hakuna mtu mwingine Tulia anayeweza kuionyesha. Nimefunga chupa nikaileta nyumbani.

Jumatano, 15 Juni

Kamati ya kanisa. Nzuki atasimama Jumapili mbele ya watu. Arudishe shaba, au aache vyombo vyake vya kazi mikononi mwa wazee. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, mimi ni mwandishi wa kamati. Nikayaandika hayo kwa mwandiko mzuri. Nilifikiria sufuria za shule – hedimasta anakaa benchi la mbele kila Jumapili. Nilifikiria wanafunzi wangu. Kisha wakaniomba nifunge kwa maombi.

Nikafunga! Naona haya hata kuandika.

Jumamosi, 18 Juni

Nimeenda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia yote – elektroni, sura niliyoiruka, chupa. Hakunikatiza. Halafu akatia mkono kwenye koti la zamani akatoa bangili ndogo nyeupe, vipande viwili.

"Hii ya kujaribu niliimwaga Jumatano ile, kabla ya kengele," akasema. "Niliigonga mara moja tu, ikavunjika. Lakini wewe ndio umesoma, Mwalimu. Nikasema, ni mkono wangu umezeeka."

Miaka arobaini anafua shaba, akaacha kuamini mkono wake kwa sababu ya kicheko changu. Ningetukanwa ningepumua.

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema mtoto wa binti yake yuko darasani kwangu, na mtoto hawezi kusomeshwa na mtu ambaye nyumba yao imemwaibisha. Kisha akauliza tu: kesho asimame, ama akae? Nikamwambia nitasema mimi. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayeitikia salamu barabarani. Hakuniamini.

Jumapili, 19 Juni

Sikulala vizuri. Chai imepoa. Chupa iko mezani karibu na daftari hili, bluu kama sweta ya shule.

Rimu ya lori imegongwa mara ya kwanza. Watu wanapita. Hedimasta na mkewe wamepita, wamenipungia mkono. Nimesema tumbo linanisumbua, nawafuata.

Sasa Nzuki. Amevaa koti lile. Begani amebeba viriba vyake vya kuvuvia moto, mkononi nyundo – tayari kuviacha. Hakugeuka kutazama dirisha langu.

Rimu tena. Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili kiko hapa, ninakiona, na kalamu bado iko mkononi.