Dawa za rangi mbili za mama yake Natalia

Farida, Natalia bado yuko hospitali Mbulu na mama yake. Amechoka hata kushika simu, ndiyo maana nakuandikia mimi.

Unajua yule mama alivyokuwa anakohoa kule Endagikot. Picha ya kifua imeonyesha nimonia, lakini makohozi yamepimwa maabara na hakuna mdudu aliyeonekana. Daktari akauliza, "Alipewa dawa yoyote kabla ya kuja?" Natalia akasema hapana, tena akaapa.

Daktari akainama kitandani. "Shikamoo bibi. Hukupewa dawa?"

"Sikupewa," mama akasema. "Nilinunua mwenyewe."

Nilinunua mwenyewe, Farida. Zile kapsuli za rangi mbili za kuua wadudu, dukani. Alikuwa anameza kimya kimya ili Natalia asiache kuvuna mahindi aje kumuuguza.

Daktari akaeleza kwamba dawa zimewapunguza wadudu, kipimo hakiwaoni tena, ila ugonjwa bado umo mapafuni. Sasa anamtibu kwa kukisia, na kwa umri ule anaogopa kukosea.

Leo homa imeshuka kidogo. Natalia hakugomba, hata nguvu ya kugomba hana. Amekaa tu ameshika mkono wa mama, na mama anamuuliza kama amekula.