Kompyuta Kubwa ya Vicent

Kijiji cha Robanda,
Serengeti.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Vicent,

Hujambo huko Dodoma? Judith hajambo? Joel amepona kile kifua? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Salamu nimezimaliza haraka kwa sababu nina hasira nawe.

Krismasi uliishika kompyuta yangu ndogo mbele ya wazee, ukacheka. Ukasema, "Dada, prosesa gani hii? Hiki kidude cha chekechea!" Ukaniachia yako kubwa ya zamani, ukaondoka na yangu ili Joel achezee. Nami kwa aibu nikasema asante. Tena tukakuchinjia mbuzi!

Kweli, ile ndogo ilikuwa ikisuasua nikifungua picha nyingi. Nilikuwa nangoja tu, kwani nakimbilia wapi? Prosesa yake ilikula umeme kidogo, haikuwa hata na feni, na sola yetu moja iliitosha kutwa nzima. Kazi yangu unaijua: kuandikisha mashamba yaliyoliwa na wanyama, watu wapate kifuta jasho. Picha na fomu, basi. Hiyo yako inanguruma kama mashine ya kusaga, na saa moja haiishi betri yote imekwisha. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, Vicent.

Wiki mbili zilizopita tembo waliingia shambani kwa shangazi, mama yako. Walikula mtama, mwingine wakaukanyaga, haukubaki hata mmoja. Nilipima, nikapiga picha, nikakaa kumjazia fomu. Mashine ikazima katikati. Siku tatu ikawa mawingu matupu. Nilipofika wilayani Mugumu na bodaboda, orodha ya kifuta jasho ilikuwa imefungwa. Shangazi Waisiko hayumo. Mama yako mzazi!

Orodha ya pili inafungwa tarehe 30. Ile ndogo iweke kwenye basi kesho, pamoja na chaja yake. Usinipigie simu kunieleza habari za kasi.

Judith msalimie sana. Joel mwambie shangazi yake anamwomba radhi. Mungu awatunze wote, na wewe akuongezee akili.

Mama yako hajui kama nimekuandikia. Hiyo kompyuta yako aliiomba ikae kwake. Ameiweka mezani, ameifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na kila mgeni akija anaifunua: "Mwanangu ndiye aliyeileta." Nimeshindwa kumwambia kwamba ndiyo iliyomkosesha.

Wako akupendaye, hata hivi nilivyokasirika,
Dada Agustina